Kioo Kinachotaja Jina



Huko Patras, Ugiriki, mbele ya hekalu la Demeter, palikuwa na chemchemi. Waliotaka kujua hali ya mgonjwa walifunga kioo kamba, wakakiteremsha taratibu hadi ukingo wake uguse maji tu, usizame. Wakaomba, wakafukiza uvumba, kisha wakatazama: mgonjwa alionekana yu hai, au amekufa. Habari hii iliandikwa na msafiri Pausanias katika karne ya 2, naye anasisitiza kwamba kioo kile kilijibu habari za wagonjwa tu.

Sharti hilo nimelifikiria sana, maana Kanda yetu ya Ziwa, hapa Tanzania, nayo ina wapiga ramli. Wapo wanaosoma matumbo ya kuku, kama ilivyo kwa Wasukuma tangu enzi za mababu, na wapo wa kioo. Ni kioo hikihiki cha mkononi, cha gulioni. Mteja ni baba ambaye mtoto wake ana homa siku ya nne. Chumbani kiza. Anaulizwa kuhusu aliyemroga mtoto: Humwoni? Si mwanamke? Si wa hapo jirani? Macho yake yamechoka kwa kukesha, na jina amekuja nalo moyoni. Anamwona.

Mtu wa Patras alirudi nyumbani na tumaini au kilio. Huyu wetu anarudi na jina.

Na mara nyingi ni jina la bibi kizee mwenye macho mekundu. Jamani, macho yale ni moshi! Ni miaka na miaka ya kupuliza kuni mbichi na mavi makavu ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, akiwasongea ugali haohao wanaomwita mchawi. Mwanza, Shinyanga, Geita, vikongwe wamekatwa mapanga kwa ushahidi huo.

Januari 2015, kufuatia mauaji ya wenye ualbino yaliyohusishwa pia na ramli, Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Mganga wa mitishamba simgusi. Ninayemsema ni huyu anayetaja jina. Siku anapolitaja, mwenyekiti wa kijiji na polisi waambiwe siku hiyohiyo, wasingoje matanga. Mtoto apelekwe zahanati akapimwe malaria.

Na jiko la bibi litobolewe dirisha. Ni kazi ya fundi mmoja, siku moja.