Sheria na Siasa za Dunia: Somo la Kidato cha Nne Linalofika Shambani

Mada iliyotolewa kwa wazazi na wanafunzi wa kidato cha nne, Mikinduri



Wazazi wengi huuliza: Historia na Serikali itampa mtoto kazi gani? Swali hilo ni la haki, maana karo hutoka kwa jasho. Jibu lake linaanzia shambani, kwenye miraa.

Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuifanya miraa kuwa haramu. Waziri hakuufuata ushauri huo. Bunge likaidhinisha, na Juni 2014 marufuku ikaanza. Uholanzi ilikuwa imetangulia. Mkulima wa Tigania na Igembe akapoteza soko lake la Ulaya. Machi 2020 Somalia nayo ikafunga mlango, ukafunguliwa tena Julai 2022 baada ya serikali mbili kuzungumza. Mkulima hana kura London wala Mogadishu, lakini uamuzi wa huko ulifika mfukoni mwake.

Mwanafunzi wa kidato cha nne husoma jinsi serikali za Uingereza, Marekani na India zinavyoundwa, na jinsi mataifa yanavyohusiana. Akiyaelewa hayo, anajua kwa nini waziri wa Uingereza aliweza kuuweka kando ushauri wa wataalamu, na ni mlango upi wa kubisha mapema kabla sheria haijapita.

Upande wa sheria nao uko karibu. Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 kinasema mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1984. Hata kabla ya Katiba hii, mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa ikiketi Eldoret ilitaja mkataba huo katika kesi ya urithi wa ardhi, ikaamua kwamba mabinti wasibaguliwe kwa sababu wataolewa. Karatasi iliyotiwa saini mbali ikagusa mipaka ya shamba la familia.

Wala mila hazijatupwa. Kifungu cha 159 kinatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na baraza la Njuri Ncheke linapata nafasi yake hapo. Kifungu hicho hicho kinaweka mpaka: njia hizo zisivunje haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Kijana anayejua pande zote mbili anaweza kukaa na wazee kwa heshima na bado akamtetea dada yake.

Sasa kuhusu mtihani. Karatasi ya kwanza ya KCSE ni ya Kenya. Ya pili inahusu Afrika na dunia. Kila moja ina alama 100, na sehemu ya mwisho ya kila karatasi, yenye alama 30, ni ya serikali. Anayetaka kuwa wakili ahitaji angalau wastani wa C+ na B katika Kiingereza au Kiswahili ili ajiunge na shahada ya sheria. Shahada huchukua miaka 4, kisha huja mafunzo ya uwakili katika Kenya School of Law. Njia ni ndefu, hivyo Kiswahili kisidharauliwe.

Asiyekwenda chuoni pia hakupoteza. Kidato cha nne hufundisha ugatuzi na jinsi serikali inavyopata na kutumia pesa. Kifungu cha 196 kinaagiza bunge la kaunti lifanye vikao vyake wazi na kushirikisha wananchi. Kikao cha bajeti kikiitishwa, mzazi na aende na mwanawe. Aulize barabara ya kijiji imetengewa kiasi gani na mwaka jana kilitumika kiasi gani.

Wanafunzi, someni Katiba yenyewe pamoja na kitabu cha darasani. Fuateni habari za dunia, na kila habari mwiulize: hii itafikaje Mikinduri? Mtakaojua jibu mapema mtawaonya wazazi wenu kabla soko halijafungwa.