Andika Nyuma ya Picha

Leo tutazungumza habari za picha na maandishi. Nitawaelezeni kwa mfano wa kazi niliyoifanya mwenyewe katika steshen ya Nairobi.

Nairobi ni mtoto wa reli. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899. Steshen ilitangulia, mji ukafuata. Mimi niliajiriwa mwaka 1968, kazi yangu kuunga mabehewa. Wakati ule reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja, ambalo lilivunjika mwaka 1977.

Kila asubuhi gari la moshi la abiria liliingia kutoka Mombasa, baada ya kusafiri usiku kucha. Wachukuzi walikimbilia mizigo, na watu waliwatafuta ndugu zao madirishani. Upande wa pili, penye mabehewa ya mizigo, zilinguruma injini za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, nazo zilipewa majina ya milima.

Nilinunua kamera kuukuu. Mkanda mmoja ulitoa picha 12 tu, na gharama ya kusafisha picha ilikula mshahara. Kwa hiyo sikupiga ovyo. Kwanza niliomba ruhusa kwa mkuu wa steshen. Tena sikusimama juu ya reli, maana behewa linalojiendea lenyewe halipigi honi. Wengine walipenda kupiga picha za injini. Mimi nilipenda watu: mwenye bendera, fundi na kopo lake la mafuta, mchochea moto akifuta jasho.

Karani mmoja mzee alinishauri, akasema, "Kijana, picha ina sura, lakini haina mdomo. Iandikie." Tangu siku hiyo niliandika nyuma ya kila picha, kwa kalamu ya risasi, polepole nisiitoboe: jina la mtu, kazi yake, mahali na tarehe.

Miaka mingi baadaye alinijia mama mmoja. Baba yake alikufa yeye akiwa mchanga, wala nyumbani kwao hapakuwa na picha yake. Alijua jina tu, na kwamba baba alikuwa mtu wa kubadili njia za reli. Nikazigeuza picha zangu moja moja, nikisoma migongo yake. Nikampata: amesimama na bendera, anacheka. Yule mama aliitazama sana picha ile, kisha akasema, "Kumbe meno haya ni ya baba!"

Injini moja ya daraja la 59, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Injini ile ina jina lake. Lakini watu walioitia mafuta na kuifungulia njia, nani atawataja, kama hakuna aliyewaandika?

Basi, ndugu zangu, ninyi sasa mnajua kuandika. Kabla ya somo lijalo, chukueni picha moja ya nyumbani. Waulizeni wazee, wakati bado wapo. Kisha andikeni nyuma yake mambo manne: Ni nani? Anafanya nini? Ni wapi? Ni lini?

Kwaherini.