NAFASI YA MAJIMBO KATIKA KUREKEBISHA KATIBA YA SHIRIKISHO

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya nafasi ya majimbo pale Katiba ya shirikisho inaporekebishwa. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni kufikisha taarifa kwa wananchi, na kwa mipaka hiyo ndivyo nitakavyosema.

Wahenga wamesema: wengi wape. Katika uchaguzi wa kawaida methali hii inatosha. Lakini zinapoungana nchi kubwa na nchi ndogo, aliye mdogo atakuwa mchache siku zote, na kila atakapohesabiwa atashindwa. Kwa hivyo kila shirikisho limelazimika kujibu suala moja: je, mapatano yaliyotuunganisha yaweza kubadilishwa bila ya ridhaa ya aliye mdogo?

Tuangalie Marekani, ambako suala hili limejibiwa kwa maandishi kwa zaidi ya miaka 200. Mapatano yao ya mwanzo, yaliyoanza kutumika mwaka 1781, yalitaka majimbo yote 13 yakubali ndipo marekebisho yapite. Mwaka 1782 jimbo dogo kuliko yote, Rhode Island, lilikataa ushuru wa asilimia 5 wa bidhaa za nje uliokusudiwa kulipia madeni ya vita, na shauri likakwama. Wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 walijifunza kwamba kumpa kila mmoja uwezo wa kuzuia ni kuifunga nchi nzima. Na kuwaachia wengi peke yao ni kuwameza wachache. Wakatafuta njia ya kati, wakaiandika katika Ibara ya Tano ya Katiba yao.

Ibara hiyo ina hatua mbili. Ya kwanza ni kupendekeza. Pendekezo hupitishwa kwa theluthi mbili katika kila moja ya mabaraza mawili ya Bunge la Shirikisho, au hutolewa na mkutano maalumu unaoitishwa kwa maombi ya theluthi mbili ya majimbo, yaani majimbo 34 kwa hesabu ya leo. Njia hii ya pili haijatumika hata mara moja. Hatua ya pili ni kuridhia. Robo tatu ya majimbo lazima yakubali, yaani majimbo 38 kati ya 50. Saini ya Rais haihitajiki. Katika hesabu hiyo Delaware, yenye watu wapatao milioni moja, ina uzito sawa na California yenye watu zaidi ya milioni 38. Aidha, Ibara hiyo imeweka kwamba hakuna jimbo litakaloondolewa usawa wake wa kura katika Seneti bila ya ridhaa yake lenyewe.

Ndugu Wananchi, mapendekezo 33 yamepelekwa kwa majimbo hayo tangu mwaka 1789. Yaliyoridhiwa ni 27. Maana yake, ridhaa ya majimbo si muhuri wa kupiga tu. Marekebisho ya haki sawa kwa wanawake yaliyopelekwa mwaka 1972 yalipata majimbo 35 tu hadi muda uliowekwa ulipomalizika mwaka 1982, wakati yaliyotakiwa ni 38.

Na wakati mwengine jambo zima hukaa juu ya mtu mmoja. Mwaka 1920 haki ya wanawake kupiga kura ilikuwa imebakisha jimbo moja tu kutimia. Baraza la Tennessee liligawika sawasawa, kura 48 kwa 48, juu ya hoja ya kuliweka shauri hilo kando. Mjumbe kijana wa miaka 24, Harry Burn, alikuwa upande wa wapinzani, lakini mfukoni alikuwa na barua ya mama yake ikimtaka awaunge mkono wanawake. Lilipoitwa jina lake katika kura ya kuridhia, alisema ndiyo. Wanawake wa nchi nzima wakapata haki hiyo katika Katiba.

Sasa turejee kwetu. Muungano wetu haukujengwa kwa mfano wa shirikisho la Marekani, na hatuna majimbo. Hata hivyo suala ni lile lile. Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataka kwamba mambo makubwa yaliyoorodheshwa, yakiwemo kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Mahkama Kuu ya Zanzibar, orodha ya Mambo ya Muungano na idadi ya Wabunge kutoka Zanzibar, yasibadilishwe ila kwa theluthi mbili ya Wabunge wote kutoka Bara na theluthi mbili ya Wabunge wote kutoka Zanzibar. Kura hazichanganywi kapu moja. Tofauti na Marekani ni kwamba wanaoridhia ni Wabunge wetu ndani ya Bunge la Muungano, si Baraza la Wawakilishi.

Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilipopigia kura Katiba Inayopendekezwa, hesabu ilifanywa vivyo hivyo, kila upande peke yake. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili, 2015 iliahirishwa. Nayo kwa mujibu wa sheria ilitaka zaidi ya nusu ya kura za kila upande.

Ndugu Wananchi, kinga ya aliye mdogo imo katika kuulizwa, na kuulizwa kuna faida kwa anayejua anachoulizwa. Mtumishi anayehudumia wananchi bila ya kuzijua ibara hizi, na mwananchi anayemchagua Mbunge bila ya kumuuliza atasimama wapi siku hiyo, wote wawili wanaiacha kinga hiyo ukutani. Katiba zisomwe maskulini, maofisini na barazani. Kwani asiyekuwepo na lake halipo.