Jani Huungua, Mzizi Hubaki: Mafuta ya Karafuu katika Vita na Magugu



Kila mkulima anajua kuwa palizi ndiyo inayovunja mgongo. Basi nikidai kwamba mafuta ya karafuu huua magugu, ana haki ya kuniuliza: magugu gani, na ya umri gani?

Mwaka 2002 Thomas Tworkoski, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alichapisha matokeo ya kupima aina 25 za mafuta ya mimea. Ya karafuu na ya mdalasini yalikuwa miongoni mwa makali zaidi. Yalipopuliziwa kwa kiwango cha asilimia 5 hadi 10, pamoja na viambato vya kuyafanya yashike jani, magugu yalikufa sehemu ya juu ndani ya saa moja hadi siku moja.

Mtendaji mkuu ni yujenoli, kemikali ileile inayotuliza maumivu ya jino. Hupasua utando wa seli, na maji yaliyomo huvuja. Litazameni jani lililopuliziwa juani: kwanza hutokea doa la majimaji, kana kwamba limemwagiwa maji ya moto; kisha doa hugeuka kahawia, na jani hukunjamana.

Lakini dawa hii huua pale inapogusa tu. Haisafiri hadi mzizini. Ndago ataungua majani, kisha atachipua upya kutoka kwenye viazi vyake vilivyo ardhini. Kiduha naye huanza kuunyonya mzizi wa mhindi kabla hajachomoza; ukimwona, hasara imekwishaingia. Wala mafuta haya hayachagui: mhindi ukiguswa, nao huungua. Mahali pake ni kwenye magugu machanga ya majani mawili matatu, kabla mazao hayajaota, vijiani, na chini ya miti ya matunda. Na kuwa ya asili si kusema hayadhuru: yujenoli huwasha ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima.

Mbona basi nayatetea? Kwa sababu malighafi tunayo. Kule Wawi, Pemba, kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar hukeneka mafuta kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Yujenoli imejaa humo. Mafuta hayo tunayauza nje, huku dawa za magugu tukizinunua kutoka nje.

Wito wangu ni huu. Vyuo vyetu na vituo vya utafiti wa kilimo viyapime mafuta ya makonyo katika mashamba ya hapa, kwa magugu ya hapa na jua la hapa. Kisha tumpe mkulima majibu matatu: achanganye kiasi gani, apulizie gugu likiwa na umri gani, na ekari moja itamgharimu shilingi ngapi. Bila majibu hayo, tusimwambie aweke jembe chini.