Siku Yetu ya Mwisho Dodoma



Siku ya mwisho ya safari yetu ya mafunzo tuliachiwa kuutazama mji wa Dodoma, uliochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi. Tuliuona ukumbi wa Bunge, uliojengwa kwa mfano wa msonge, tukapumzika kidogo katika Uwanja wa Nyerere. Habari za magorofa tunawaachia wapiga picha.

Alasiri tulitoka nje ya mji kutazama zabibu. Nchi ile ni kavu, mvua yake haba kuliko yetu ya Mpanda. Hata hivyo wakulima wake huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mzee mmoja wa msafara wetu alimwuliza mwenye shamba:

"Mwanangu, zikiiva na mnunuzi asije, wafanyaje?"

"Zinaoza, mzee wangu. Haziwezi kungoja kama tumbaku yenu."

Tulinyamaza. Tumbaku yetu yaweza kungoja, lakini mkulima hawezi: tunaukumbuka msimu ule malipo yalipochelewa hata baadhi yetu wakauza ng'ombe.

Tunajua wako wanachama walionung'unika kwamba fedha ya safari ingalinunua mbolea. Hawakukosea kuuliza, na hesabu yote itasomwa mbele yenu. Bali fahamuni kwamba ndani ya gari moshi, tangu Tabora hata Kaliua, na kutoka Kaliua hata Mpanda, Dodoma haikutajwa tena. Tulibishana juu ya ghala la mahindi na mpunga: lijengwe wapi, na ufunguo wake akae nao nani.