TAARIFA YA TAWI: GESI HAIONEKANI, IPIMWE NA TUONYESHWE VIPIMO

Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye mkutano wa tawi. Tunayatuma kwa ambao hamkuweza kufika.

Oktoba 2015 bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa. Mwezi huohuo, huko California, Marekani, kisima kimoja kwenye hifadhi ya gesi ya Aliso Canyon kilianza kuvuja. Kilizibwa Februari 2016, baada ya karibu tani 100,000 za metheni kuingia hewani na maelfu ya familia kuhama nyumba zao.

Hatusemi kwamba Madimba kunavuja. Tunasema metheni haina rangi wala harufu. Ile harufu ya mtungi wa jikoni hutiwa makusudi ili pua ishtuke. Kwa hiyo jirani wa kisima au mtambo hawezi kutegemea macho na pua. Ni lazima ipimwe.

Na inapimika. Fundi hupaka maji ya sabuni kwenye maungio. Yakitoa mapovu, gesi inatoka. Ipo pia kamera maalumu inayoionyesha gesi kama moshi kwenye vali, kompresa na matangi. Mara nyingi tiba yake ni kukaza bolti au kubadilisha mpira wa kuziba.

Hasara ni mbili. Gesi iliyovuja haiuzwi, na ushuru wa huduma wa halmashauri hutokana na mauzo. Pili, kwa miaka 20 metheni hunasa joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Sisi wakulima wa korosho tunajua mvua ikikosa majira inatuacha na nini.

Tumeazimia kuziandikia PURA na EWURA, tukiomba:

1. Visima, mitambo na bomba vipimwe kwa ratiba inayojulikana.
2. Kila uvujaji uwekewe tarehe ya kutengenezwa, kisha upimwe tena.
3. Matokeo yabandikwe ofisi za vijiji, kwa Kiswahili.

Barua itasomwa mkutano ujao. Wakati huo, ukisikia mvumo kandokando ya bomba au ukiona majani yamekauka bila sababu, kaa mbali, usiwashe moto, mwarifu mwenyekiti wa kijiji.

Gesi hii ni yetu. Hata inayopotea ni yetu.

Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi. Mfikishie na jirani.