Mvua Isiwe Nafasi ya Kutapisha Vyoo

Mvua ikianza kunyesha Dar es Salaam, wapo wanaosubiri giza liingie watapishe vyoo. Tofali linachomolewa ukutani mwa shimo, kinyesi kinafuata maji ya mtaroni, na asubuhi mama lishe anapanga masufuria yake hapohapo pembeni. Kariakoo ina mabomba ya maji taka, lakini chemba zikiziba na kufurika, hatari ni ileile. Tusisahau kipindupindu cha Agosti 2015, kilichoanzia jijini humu. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 ipo. Inahitaji watu wa kuisimamia. Wenye nyumba, iteni gari la kunyonya maji taka kabla shimo halijajaa. Nanyi mabwana afya, piteni mitaani usiku wa mvua.